Jack Kilby na Chipu ya Kwanza

Kabla hujaunganisha chipu yoyote katika mazoezi yako, mfahamu kwanza mtu huyu.

Jack Kilby alizaliwa mwaka 1923 Jefferson City, Marekani, akakulia Great Bend, Kansas, ambako baba yake aliongoza kampuni ndogo ya umeme. Alitaka kusoma chuo cha MIT, lakini alikosa nafasi kwa alama 3 tu za mtihani wa kuingia. (Usiipite sentensi hiyo haraka.) Akasoma Chuo Kikuu cha Illinois, akahitimu mwaka 1947.

Mwaka 1958 aliajiriwa na Texas Instruments, mjini Dallas. Julai wenzake wengi wakaenda likizo. Yeye, mgeni kazini, hakuwa na haki hiyo. Wakati ule transista, rezista na kapasita zilitengenezwa kila moja peke yake, kisha zikaunganishwa kwa mkono. Kiungo kimoja kibovu kiliweza kuharibu kazi yote. Kilby akajiuliza: kwa nini vyote visitengenezwe katika kipande kimoja?

Tarehe 12 Septemba 1958 aliwaonyesha wakuu wake kipande cha jemaniamu chenye urefu wa milimita 11 hivi, kimebandikwa kwenye kioo, waya nyembamba zimechomoza. Hakikupendeza hata kidogo. Alipokipa umeme wa volti 10, wimbi likaonekana kwenye osiloskopu.

Zingatia hapo. Bila umeme kile kilikuwa kipande cha jemaniamu tu. Waya zilizopeleka umeme siku ile ndizo pini za umeme katika chipu yako leo. Chukua chipu ya 7400, iliyotoka kampuni hiyohiyo miaka ya 1960. Ina pini 14. Weka kipengo cha nusu duara juu: pini ya 1 iko juu kushoto, hesabu ukishuka hadi 7, vuka kulia, panda hadi 14. Pini ya 14 hupokea volti 5. Ya 7 huenda kwenye ardhi, yaani volti 0. Michoro mingi huonyesha malango ya mantiki tu na kuziacha pini hizi mbili, ndiyo maana wanafunzi huzisahau, kisha huilaumu chipu. Ukizigeuza, chipu inaweza kuungua.

Mwaka 1959 Robert Noyce wa Fairchild alibuni njia ya kuweka viunganishi vya metali juu ya silikoni yenyewe, badala ya waya zinazoning'inia. Kilby alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000. Noyce alikuwa amefariki tangu 1990. Kilby alifariki Dallas, Juni 2005.