Bwana Soichiro Honda na Vali za Pikipiki

Sisi tunaotoka makazi ya Nakivale jina la Honda twalisoma juu ya matangi ya pikipiki kuukuu, lakini wachache wajua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 karibu na mji wa Hamamatsu, Japani, mwana wa mhunzi. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kujifunza ufundi katika gereji, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kulea mtoto wa mwenye gereji! Alivumilia mpaka akashika spana.

Baadaye alijaribu kutengeneza ringi za pistoni, zikawa mbovu. Ndipo alipoingia chuo cha ufundi, naye ni mtu mzima mwenye mke, apate elimu ya metali. Mitihani aliikataa, akakosa cheti; jambo hili walimu wetu hawapendi tulitaje.

Baada ya vita, mwaka 1946, alifunga injini ndogo za jeshi juu ya baisikeli. Pikipiki yake ya mwaka 1949 ilichoma petroli iliyochanganywa na oili. Lakini mwaka 1951 kiwanda chake kiliunda injini yenye vali juu ya silinda, na mwezi wa Julai ikapanda mlima wa Hakone katika mvua kubwa.

Vali ni kama milango: mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Kaka yangu huchukua abiria Mbarara kwa CG125, aina iliyotoka mwaka 1976. Hiyo yataka nafasi ya milimita 0.08 tu kati ya roka na ncha ya vali, ipimwe injini ikiwa baridi, pistoni iko juu na vali zote mbili zimefungwa. Nafasi ikizidi, injini hugonga. Ikikosekana ni vibaya zaidi: vali haifungi sawasawa, moto hupita ukingoni na kuiunguza. Fundi mmoja aliikaza mpaka injini ikanyamaza kabisa, nasi tukafurahi. Haukupita mwezi, ada yangu ya muhula ikanunua vali mpya.

Bwana Honda aliacha uongozi mwaka 1973, akazunguka viwandani kuwashukuru wafanyakazi kwa kuwashika mikono, hata mikono yenye oili. Alifariki tarehe 5 Agosti 1991.