Nabongo Mumia: Mfalme aliyetawala kwa mikono ya ndugu zake

KATIKA vijiji vya Shianda na viunga vya mji wa Mumias, Kaunti ya Kakamega, jina la Nabongo Mumia lingali linatajwa kila wazee wanapokaa kuhesabu koo na nasaba. Mji mzima uliitwa kwa jina lake, na miaka mingi baada ya kifo chake wengine humwona kama mwanadiplomasia hodari, ilhali wengine humhesabu kuwa kibaraka wa Waingereza. Pengine jibu limo katika boma alimolelewa.

Mumia anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1849, mwana wa Nabongo Shiundu na mkewe Wamanya, katika ukoo wa Abashitsetse, ukoo wa kifalme wa Wawanga. Boma la Nabongo halikuwa nyumba ya baba, mama na watoto wao tu. Lilikuwa mtala wa wake wengi, kila mmoja na nyumba yake na watoto wake, na kando yao ami, binamu na wageni waliokuja kutafuta hifadhi. Mtoto katika boma kama hilo alikuwa na mama wengi, na ndugu wasiohesabika kwa vidole.

Katika jamii za Waluhya, dada ya baba huitwa senge, na neno lake halipuuzwi. Ndiye mshauri wa mabinti wanaokaribia kuolewa na msuluhishi wa magomvi ya nyumbani. Kwake mtoto hukimbilia baba anapokasirika. Shangazi aliyeolewa mbali hakuacha kuwa wa ukoo wake. Ndoa yake ilikuwa daraja kati ya nyumba mbili. Kwa watawala wa Wanga, daraja la namna hiyo lilikuwa siasa, kwani jirani aliyekuwa shemeji hakuwa mwepesi wa kushika mkuki.

Hata hivyo, familia kubwa ilikuwa na miiba yake. Kabla ya enzi ya Mumia, ugomvi wa urithi ulikuwa umeigawa Wanga na kuzaa tawi la Wanga Mukulu. Kwa hiyo Mumia alipovishwa bangili ya shaba ya Nabongo mwaka 1882, baada ya kifo cha babake, alirithi ufalme ambao ulijua vyema kwamba adui aweza kuzaliwa ndani ya boma.

Tayari misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipumzika hapo, wakipaita Kwa Sundu kwa jina la Shiundu. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Askofu James Hannington akapita mwaka 1885, muda mfupi kabla ya kuuawa Busoga. Frederick Jackson, mjumbe wa kampuni ya Waingereza, alifika mwaka 1889 na kufanya mkataba. Mwaka uliofuata akaja Mjerumani Carl Peters na bendera yake. Mumia aliwakaribisha wote, kwani wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wenye bunduki walikuwa ngao dhidi ya majirani waliomlemea.

Ngao hiyo ilikuwa na bei. Mwaka 1895, C. W. Hobley alipoongoza vita dhidi ya Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa serikali. Baadaye Waingereza, waliokosa watu wa kutawala maeneo hayo mapana, waliazima ukoo wa Mumia. Mwaka 1909 alitangazwa chifu mkuu. Mulama, nduguye wa baba mmoja, akapewa Marama. Murunga, ndugu mwingine, akapelekwa kwa Wabukusu. Naye Kadima akatawala upande wa Samia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ndani ya Wanga, ndugu wa mfalme alikuwa mwana wa nyumba, mwenye mama na shangazi wa kumkanya akikosea. Ugenini alikuwa mtu wa kukusanya kodi tu, asiye na senge wa kumwita kando wala shemeji wa kumwonya. Ukubwa wa familia uliokuwa fahari ya Wanga ukageuka malalamiko ya majirani, waliotaka machifu wa damu yao. Kwa Wabukusu, malalamiko hayo yalisikizwa mwaka 1936, Murunga alipomwachia nafasi Amutala, mwana wa Wabukusu wenyewe.

Wakati huo nyota ya Mumia mwenyewe ilikuwa imefifia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuinyima Mumias biashara ya misafara. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishiwa Kakamega, na mwaka 1926 mzee akastaafishwa. Waingereza aliowafungulia mlango hawakumhitaji tena.

Alifariki Aprili 1949, akiwa na umri unaokaribia miaka 100. Cheo alichopewa na serikali kilikuwa kimeondoka zaidi ya miaka 20 awali, lakini kwa Wawanga alikufa akiwa Nabongo. Heshima hiyo hakupewa na Hobley wala na Jackson. Aliipata katika boma la Shiundu, miongoni mwa mama, ami na shangazi, na huko hapakuwa na wa kumstaafisha.