Ibn Sina na Mizani ya Akili

Katika darasa yetu hapa Nakuru, kijana mmoja alituletea swali ambalo tumeona ni laiki kulijibu katika kurasa hizi, ili na ndugu zetu wa pwani wafaidike. Amesoma kwamba mwaka 1934 daktari mmoja wa Nairobi, jina lake F. W. Vint, alitoa habari za bongo za maiti wa Kiafrika alizozipima, akadai kuwa ni pungufu kuliko za Wazungu. Wakatokea walioshika madai hayo, wakatilia shaka faida ya kumsomesha Mwafrika. Kijana akataka kujua kama akili ya mtu ni nyama ya kutiwa mizanini.

Mtu aliyelifikiri sana jambo hili ni Abu Ali Husein bin Abdalla, maarufu kwa jina la Ibn Sina. Alizaliwa mwaka 370 Hijria (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha hifadhi Kurani. Akasoma fiqhi, hesabu, mantiki na utabibu; na kila alipokwama katika mas'ala alikwenda msikitini akasali, akimwomba Mwenyezi Mungu amfungulie. Kitabu kimoja cha Aristotle alikisoma mara 40 asikifahamu, hata alipokinunua sokoni kwa dirhamu 3 kitabu cha al-Farabi chenye kukieleza. Siku ya pili yake akatoa sadaka kwa kushukuru. Angali kijana alimtibu Sultani Nuh bin Mansur, naye akamruhusu kuingia maktaba yake. Baadaye alikuwa waziri huko Hamadan, kisha akafungwa, na kifungoni pia hakuiweka kalamu chini. Kitabu chake cha utabibu, al-Qanun, kilisomeshwa Ulaya kwa karne nyingi.

Tabibu huyu aliujua ubongo na maradhi yake, lakini hakuifanya akili kuwa ubongo. Alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mzima kwa mara moja, akaachwa hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani. Mtu huyo hatajua kuwa ana mkono wala ubongo, lakini atajua kuwa yeye yupo. Basi nafsi hujijua kabla ya kuujua mwili.

Ama elimu, hakusema kuwa mtoto huzaliwa nayo. Huzaliwa na uwezo wake. Mtoto mchanga ana uwezo wa kuandika, ingawa hajui kalamu. Akikua huijua kalamu, kidau na herufi. Kisha huwa mwandishi. Kinachomtoa daraja hata daraja ni mafunzo.

Imam Ghazali aliwakufurisha wanafalsafa kwa mas'ala matatu, mojawapo ni kukanusha kufufuliwa kwa miili, na sisi tuko pamoja na Imam. Lakini lililo la haki hatulikatai.

Ibn Sina alifariki Hamadan mwaka 428 (1037), baada ya kuwaacha huru watumwa wake na kutoa mali yake sadaka.

Madai ya mwaka 1934 wataalamu wameyatupa. Lakini nasi tujitazame. Mzazi asemaye binti yake hana akili ya kusoma, na mwalimu amfukuzaye mtoto wa maskini kwa kumwita mjinga, wote wawili wameishika mizani ile ile. Kabla ya kumhukumu mtoto, tumpe kwanza kalamu na kidau.