Carothers, tabibu anayesutwa na Mji wa Kale

MKAZI wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeugua akili enzi za ukoloni hakuwa na hospitali ya kulazwa karibu na kwao. Hospitali ya maradhi hayo ilikuwa Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesomea utabibu Uingereza na kuajiriwa na serikali ya Kenya mwaka 1929. Hakuwa amesomea tiba ya akili. Stashahada ya fani hiyo aliipata baadaye.

Alikuwa mwangalifu wa kumbukumbu, hilo halina ubishi. Utafiti wake wa mwaka 1947 ulionyesha kwamba waliofanya kazi mbali na makwao walilazwa kwa kiwango kikubwa kuliko waliobaki nyumbani. Januari mwaka huohuo, maelfu ya vibarua wa Mombasa, wengi wao wageni kisiwani, waligoma kwa sababu ya ujira duni na ughali wa maisha.

Lakini kutoka wodini alirukia bara zima. Mwaka 1951 alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa ripoti yake iliyoyaeleza mapambano ya Mau Mau kama msukosuko wa nafsi. Ripoti hiyo iliunga mkono kuwakusanya Wakikuyu vijijini, hatua iliyowang'oa makwao watu zaidi ya milioni moja.

Mwaka 1959 aliandika kwamba fikra za Mwafrika ziliumbwa na ukosefu wa maandishi. Hapo ndipo Mji wa Kale unapomsuta. Waswahili wa pwani waliandika tenzi na mashairi kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840, karibu karne nzima kabla ya Carothers kushika Mathari. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu tangu 1937, alikuwa ameanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932.

Carothers aliondoka Mathari mwaka 1950 na kurejea Uingereza, alikofariki mwaka 1989. Frantz Fanon alikuwa amemkosoa vikali tangu 1961. Nairobi, shule ya tiba ilianza mwaka 1967, na elimu ya magonjwa ya akili ikaja kufundishwa chuoni humo na maprofesa Waafrika, wakiwemo Wilson Acuda na David Ndetei.