Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Mafungu ya kusoma: Luka 14:28–30, Luka 16:10, Zekaria 4:10.

Sabato ya kwanza ya Januari, mwalimu wa darasa anapouliza ni wangapi wamejifunza lesoni mara saba, mikono huwa mingi. Aulize tena mwezi Machi. Mimi mwenyewe mwaka mmoja niliazimia kuimaliza Biblia nzima, kuamka saa kumi alfajiri kila siku na kufunga kila Jumatano, yote kwa mkupuo. Nilifika Mambo ya Walawi, nikaishia hapo. Juma hili tutazame maisha ya mtu ambaye azimio lake la kwanza lilimshinda kabisa.

Johannes Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Alitumwa na chama cha wamishenari wa Kianglikana, CMS, akafika Mombasa mwezi Juni 1846. Alimkuta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao papo hapo Mombasa. Mwezi Agosti wawili hao wakahamia Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda. (Wanaotoka pwani watatuambia kwamba huko, jirani na Rabai, iko Kaloleni nyingine. Si hii yetu ya Arusha.)

Krapf alikuwa na mpango mkubwa: vituo vya injili vifuatane kama mnyororo, kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Waliokuwapo kuutekeleza walikuwa watu wawili wenye homa. Kazi ya kufungua njia ya bara ilimwangukia Rebmann. Mwaka 1848 alisafiri hadi Uchagani, na Mei 11 akauona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Alipoandika habari hiyo, baadhi ya mabingwa wa jiografia huko Uingereza, Cooley akiwa mbele, walimkatalia. Sisi ambao asubuhi isiyo na mawingu tunaweza kuuona mlima huo tukiwa upande huu wa Meru, ni vigumu kuelewa ubishi ule ulitoka wapi.

Baada ya safari ya pili, mwezi Aprili 1849 aliondoka tena na wapagazi wapatao thelathini. Safari hii hakukusudia kuishia Uchagani. Alitaka kupita hadi Unyamwezi, tena ikiwezekana mbele zaidi. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimpokea vizuri, kisha akaanza kuichukua mizigo yake kidogo kidogo, leo nguo, kesho shanga, mpaka akiba ya safari yote ikaisha. Rebmann aliugua, akadhoofika, akageuka. Mwezi Juni alirudi Rabai mikono mitupu. Unyamwezi hakuuona.

Hapa darasa litue kidogo. Katika maazimio uliyoyaandika mwaka huu, ni lipi ungeweza kulitimiza hata katika juma ambalo unaumwa na mfuko hauna kitu?

Rebmann hakwenda tena safari za bara. Alibaki Rabai akashika mambo ambayo yaliwezekana pale alipokuwa: kujifunza lugha, kukusanya maneno, kuwatembelea watu majumbani, kulima, kufundisha wachache waliokubali kufundishwa. Mwaka 1851 alikwenda Misri, akafunga ndoa na Emma Tyler, wakarudi wote. Mtoto wao alikufa akiwa mchanga. Krapf alipotaka mpango mkubwa uendelee, Rebmann alipingana naye waziwazi. Aliona kituo kimoja chenye mizizi kinatosha kwa nguvu walizokuwa nazo. Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya. Mwenzao mwingine, Erhardt, naye akaondoka mwaka 1855.

Mapema mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walimtembelea Rabai wakiwa njiani kwenda kuyatafuta maziwa makuu. Bila shaka ile njia ya bara iliyomshinda miaka minane nyuma ilimjia akilini. Hakwenda nao.

Tusimfanye kuwa malaika. Wapo waliomlaumu kwamba amejichimbia mahali pamoja na matunda hayaonekani, na naona lawama hiyo ilikuwa na ukweli kiasi. Waongofu walikuwa wachache sana kwa miaka mingi, na walipoanza kuongezeka, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Waafrika wenyewe, akina Abe Ngoa na George David. Lakini walipofika walimkuta mtu yupo. Emma alifariki mwaka 1866, na Rebmann akaendelea kukaa, macho yakififia mwaka hata mwaka.

Kazi moja ndogo naipenda kuliko zote. Mombasa alikuwapo mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa kutoka nchi iliyo karibu na Ziwa Nyasa. Rebmann, ambaye hakuweza kufika bara, alianza kuketi naye na kuandika maneno ya lugha ya kwao, neno baada ya neno. Hakuhitaji wapagazi wala ruhusa ya mangi yeyote. Alihitaji Salimini, kalamu na kurudi tena kuketi.

Mwaka 1875, akiwa karibu kuwa kipofu kabisa, alisafirishwa kurudi Ujerumani, akishikwa mkono na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa. Alifika Korntal, alikokuwa akiishi Krapf, na hapo akafariki Oktoba 4, 1876. Kamusi ya maneno ya Salimini ilichapwa mwaka uliofuata. Aliyeitengeneza kwa ajili ya kupigwa chapa alikuwa Krapf, yule mwenye mpango wa mnyororo.