Muyaka, malenga wa mji uliotawaliwa kwa ubia

MOMBASA alimozaliwa Muyaka bin Haji al-Ghassany, inakadiriwa mnamo mwaka 1776, haikuwa na mfalme. Ndani ya ngome alikaa liwali wa ukoo wa Mazrui, lakini liwali huyo hakuweza kukata shauri kubwa bila ya wenye mji.

Hao wenye mji ndio Thenashara Taifa. Walikuwa pande mbili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa wakiongozwa na Wamvita. Kila upande ulikuwa na mkubwa wake, aliyeitwa tamimu. Pande zote mbili zilikuwa na marafiki wa jadi katika vijiji vya bara, kwa wale tunaowaita leo Wamijikenda, ambako kulitoka nafaka na, siku za vita, wapiganaji. Liwali aliyeuudhi upande mmoja alijizibia pia njia za bara.

Muyaka alikuwa sauti ya ushirika huo. Mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya Mombasa na Pate yaliposhindwa na watu wa Lamu huko Shela, Lamu iliomba himaya ya Sayyid Said, mtawala wa Oman. Tangu hapo Muyaka alipigana kwa tungo, akijibizana na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu kwa mafumbo na kejeli, huku akiwatia moyo watu wa Mvita. Alitunga pia juu ya mapenzi, ndoa na ukata. Wanaomsoma kwa tungo za mapenzi pekee wanakosa nusu ya mtu mwenyewe.

Sayyid Said aliushambulia mji zaidi ya mara moja, na Mombasa ilipoungana alipata taabu kuishika. Kilichouangusha mji kilitoka ndani. Liwali Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, Wamazrui waligombea urithi wake, na baadhi ya wakubwa wa mji, hasa wa Thelatha Taifa, wakaelekea kwa Sayyid Said. Mwaka 1837 mji ulikuwa mkononi mwake. Liwali Rashid bin Salim na wenzake walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, nao jamaa zao waliosalimika wakakimbilia Takaungu na Gasi.

Muyaka aliyaona hayo yote uzeeni. Alifariki mnamo mwaka 1840, bila ya kuacha kitabu.

Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya na kumfafanulia mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor. William Hichens alizitoa kitabuni huko Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya mtunzi kuzikwa, na hati za Taylor zikahifadhiwa London.