Bikila: Bingwa wa marathoni aliyeanza upya kwenye kiti cha magurudumu

SHABIKI wa soka anajua goti moja tu linavyoweza kummaliza mchezaji. Anatolewa kwa machela, uwanja unanyamaza, na kesho yake watu wanaulizana nani atavaa jezi yake. Sasa mfikirie Abebe Bikila wa Ethiopia, ambaye usiku mmoja tu alipooza miguu yote miwili, wakati miguu ndiyo iliyokuwa jina lake na sifa ya nchi yake.

Bikila alizaliwa mwaka 1932 na alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, akinolewa na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen. Septemba 10, 1960 alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Roma akiwa pekupeku, akamwacha Rhadi wa Morocco karibu na mwisho na kumaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Ilikuwa miaka mitamu kwa Waethiopia. Mwaka 1962 timu yao ya soka ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nyumbani Addis Ababa kwa kuichapa Misri 4-2 katika fainali. Miaka miwili baadaye Bikila alikwenda Tokyo wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Safari hii alivaa viatu, na akashinda tena kwa rekodi nyingine ya dunia. Aliyeshika nafasi ya pili alifika dakika nne baadaye. Muda huo Bikila alikuwa kwenye nyasi katikati ya uwanja, anajinyoosha viungo kana kwamba ndiyo kwanza anapasha misuli moto. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Nyumbani alipandishwa cheo na kupewa gari, Volkswagen ya kobe.

Mexico mwaka 1968 mguu uliuma, akatoka mbioni kabla ya nusu ya safari. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeitwaa dhahabu. Watu wakasema mzee kazi imeisha, lakini bado alikuwa anatembea.

Usiku wa Machi 22, 1969 Volkswagen ile ilimshinda, ikapinduka. Bikila alibanwa ndani na hakutolewa mpaka asubuhi. Siku chache baadaye alipelekwa Uingereza, Hospitali ya Stoke Mandeville, inayojulikana kwa kutibu majeraha ya uti wa mgongo. Alikaa huko miezi minane. Mwanzoni hakuweza kugeuza hata kichwa. Mtu aliyekuwa akihesabu kilomita 42 sasa ushindi wake wa kwanza ulikuwa kusogeza shingo. Kisha, taratibu, mikono ikarudi. Miguu haikurudi.

Malkia Elizabeth alikwenda kumwona, na kadi za pole zilimiminika kutoka kila pembe ya dunia. Vyote hivyo vinafariji, lakini mgeni huaga akaondoka, na mgonjwa hubaki kitandani kwake.

Bahati yake, kama inaweza kuitwa bahati, ni hospitali aliyopelekwa. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alianzisha hapo mwaka 1948 mashindano ya kurusha mishale kwa askari waliolemazwa na vita. Aliona michezo ni sehemu ya tiba yenyewe. Mashindano hayo yalikua mpaka yakafanyika Roma mwaka 1960, siku chache baada ya Bikila kushinda pekupeku, katika jiji lile lile. Leo ndiyo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Wakati ule hayakuwa habari iliyomhusu.

Julai 1970, miezi 16 baada ya ajali, Bikila alishiriki michezo ya Stoke Mandeville: kurusha mishale na mpira wa meza. Hapo ndipo penye ugumu ambao wengi hawauoni. Ni sawa na kumchukua mshambuliaji nyota, kumvua viatu vya mpira na kumwambia aanze upya kama kipa, tena mbele ya watu wanaojua alivyokuwa. Kwenye mishale jina lake halikuwa na uzito. Angeweza kabisa kubaki nyumbani na medali zake ukutani, na asingelaumiwa na mtu. Yeye akashika upinde.

Aprili 1971 alialikwa Norway kama mgeni kwenye michezo ya walemavu. Eti mgeni! Alirusha mishale, akacheza mpira wa meza, kisha akaingia kwenye mbio za sileji zinazovutwa na mbwa juu ya theluji. Akawashinda wote, washindani 16, kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 17.

Kuhusu ajali yenyewe, alieleza kwamba aliipokea kama mapenzi ya Mungu, kama alivyozipokea zile dhahabu mbili.

Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima. Umati ulisimama kumshangilia, naye akiwa ameketi. Mbio zake, zile zile zilizompa jina, sasa alizitazama wakikimbia wengine. Mamo Wolde alimaliza wa tatu. Mshindi, Mmarekani Frank Shorter, alimfuata Bikila kwenye kiti chake na kumpa mkono.

Oktoba 25, 1973 alifariki dunia kwa kuvuja damu kwenye ubongo, matokeo ya ajali ile ya miaka minne nyuma. Alikuwa na miaka 41, ameacha mke na watoto wanne. Watu wapatao 65,000 walijitokeza kumzika jijini Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Jiji hilo lina uwanja wenye jina la Abebe Bikila, na mpira wa miguu huchezwa hapo.